Tokeni Nje Kabla Jua Halijatoka

Maneno niliyowaambia familia mpya zinazozungumza Kiswahili mjini Tucson, Arizona, Jumamosi moja mwishoni mwa Mei. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza marudio tu.

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na ninyi watoto mliokaa pale mbele sakafuni, hamjambo? Karibuni sana. Wengine nawaona leo kwa mara ya kwanza. Wengine tulichota maji bomba moja kule Nyarugusu, kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, na sasa tunakutana upande wa pili wa dunia. Mungu ashukuriwe.

Mambo ya shule, bima na bili ya umeme wenzangu watayaeleza baada yangu, na wanayajua kuliko mimi. Mimi nimeomba nafasi hii niseme jambo moja tu, ambalo sikuambiwa nilipofika, na kutolijua kulinipotezea miaka miwili. Mji huu ni wa kutoka nje. Ni mji wa kutembea, wa kupanda kilima, wa kukaa mtoni jioni, wa kuchuma matunda. Lakini una saa zake. Ukizijua saa zake utaishi hapa kama mwenyeji. Usipozijua utajifungia ndani na kiyoyozi na simu, mpaka miguu isahau kazi yake.

Mimi ni mtoto wa ziwa. Nimezaliwa Baraka, kule Fizi, Kongo, mahali ambapo ukifungua mlango asubuhi unaliona Tanganyika kabla hujamwona jirani. Siku ya pili tangu tufike Tucson tulipitishwa kwenye daraja refu, pana, lenye njia ya magari kila upande, na kibao kimeandikwa jina la mto: Rillito. Nikajisogeza dirishani nione maji. Chini kulikuwa na mchanga. Mchanga mtupu, na alama za matairi, na mbwa anakimbia katikati. Nikamwuliza mume wangu, "Mto uko wapi?" Hakunijibu. Nililia siku hiyo, kwa sababu kwetu mto uliokauka ni habari ya msiba.

Kisha ikaja Julai. Nilikuwa nimepata kazi ya usafi wa vyumba hotelini. Siku moja nikatoka kazini saa saba mchana, basi limeshapita. Nikajiambia, mimi niliyetembea kutoka Makere hadi kambini na gunia la mahindi kichwani, nishindwe na maili mbili za lami? Nikatembea. Sina maji, sina kofia. Mwanzo jasho lilinitoka, baadaye likakauka, ngozi ikawa kavu kama karatasi, nami nikadhani nimepata nafuu. Kumbe hiyo ndiyo hatari yenyewe. Nakumbuka lami ikinata kwenye soli. Nakumbuka nilishika ukuta wa nyumba ya mtu nisianguke, ukaniunguza kiganja. Mama mmoja wa Kimeksiko akatoka, hakuniuliza kitu, akanivuta hadi chini ya mti wake. Akafungua mpira wa bustani, akayaacha kwanza yale maji ya moto yaliyolala ndani ya mpira yamwagike yote chini, ndipo akanimwagia kisogoni na mikononi. Akaniletea glasi ya maji yenye limau na chumvi. Mpaka leo nikipita mtaa ule nambishia hodi nimsalimie.

Baada ya hapo niliogopa. Nikafunga mapazia. Mama mkwe wangu, ambaye kule kambini alikuwa na bustani ya mboga na kikundi chake cha kwaya, alikaa kwenye kiti kando ya dirisha miezi na miezi akiangalia magari. Aliacha kula vizuri. Alianza kuniuliza kitu kilekile mara tatu. Tulimpeleka kwa daktari, daktari akamwuliza hutoka nje mara ngapi kwa wiki. Hakuwa na jibu. Ninawaambia haya kwa uchungu, maana najua humu ukumbini kuna wazee waliofika juzi ambao leo ni mara yao ya kwanza kutoka nyumbani wiki hii.

Basi nisikilizeni kuhusu saa. Nahesabu kwa saa za Kigoma. Mwezi Juni hapa jua linachomoza kama saa kumi na moja na robo alfajiri. Huu ni mji ambao siku zaidi ya 60 za mwaka hupita nyuzi 38 za joto, na tarehe 26 Juni 1990 joto lilifika nyuzi 47. Lakini jangwa halishiki joto usiku kama pwani au ziwani. Hewa ni kavu, jua likizama joto linapanda juu na kutoweka, na kufikia alfajiri huwa limeshuka nyuzi kumi na tano au zaidi. Wenyeji wanalijua hilo. Amkeni siku moja saa kumi na moja alfajiri mpite mitaani: mtawaona watu wanakimbia, wazee wanatembeza mbwa, mafundi wa paa wameshaanza kugonga. Wanaume wa ujenzi humaliza kazi wakati ninyi mnakunywa chai. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni mji unalala, hata kama magari yanapita. Wanyama nao hivyohivyo. Sungura, mbweha, wale wanyama wa jangwani wanaofanana na nguruwe wadogo, waitwao havelina, wote wamejificha kivulini mchana. Hakuna kiumbe wa hapa anayeshindana na jua la saa saba.

Aliyetutoa ndani ni mwenzangu wa kazini, mama wa Kitohono O'odham. Jina la kabila lao maana yake ni watu wa jangwa, na jina la mji wenyewe limetoka kwenye lugha yao: Cuk Ṣon, penye kitako cha mlima mweusi. Mlima wenyewe mmeuona, ule wenye herufi A kubwa nyeupe juu yake karibu na katikati ya mji. Alikuja na gari lake giza bado nene, akasema, mlete na bibi. Tukaenda kilima cha Tumamoc, ambacho kiko jirani kabisa na huo mlima mweusi.

Tumamoc ni mahali pa kuanzia kwa kila mmoja wenu. Kuna barabara ya lami inayopanda hadi kileleni, kilomita mbili na nusu hivi, haina kiingilio. Hakuna haja ya kufika juu. Mama mkwe alitembea hatua mia moja akakaa kwenye jiwe, na hapo ndipo alipoyaona yale madungusi marefu kwa karibu, yaliyosimama kila upande kama watu waliokuja kwenye mkutano. Yanaandikwa saguaro, lakini yanatamkwa sawaro. Akauliza, "Hii ni miti au ni nini?" Nikamwambia ni dungusi. Akasema madungusi anayajua, yale ya kwetu ya kuzungushia boma. Akaenda akaweka kiganja katikati ya miiba miwili, polepole, akapapasa.

Ngoja niwaeleze juu ya mmea huu, maana mtaishi nao. Ngozi yake ina mikunjo kama sketi ya shule. Mvua ikinyesha mizizi inanyonya, mikunjo inafunguka, mwili unanenepa. Kiangazi kikikaza, mikunjo inajifunga tena. Unaweza kumtazama saguaro mmoja karibu na nyumba yako ukajua mvua imenyesha lini. Miaka kumi ya kwanza haufiki hata urefu wa kidole, unaishi kwenye kivuli cha mti mwingine unaoulea. Mkono wa kwanza hauchipui mpaka umefika miaka hamsini, sabini hivi. Kwa hiyo ukiona wenye mikono mitano, jua kwamba ulikuwapo kabla ya bibi yako kuzaliwa. Wanaishi miaka mia na hamsini, wengine mia mbili. Pale Tumamoc wataalamu wana maabara ya jangwa tangu 1903, na kuna viwanja ambavyo mimea yake imekuwa ikihesabiwa tangu 1906, mmoja mmoja. Na sheria ya Arizona inaulinda, msiukate wala kuuhamisha hovyo. Watoto, mmesikia? Msiurushie mawe.

Hivi sasa, mwishoni mwa Mei, unachanua. Ua linafunguka usiku, jeupe, zito, lina harufu kama tikiti lililoiva sana, na mchana wa siku inayofuata linafunga. Popo wanalijia usiku, nyuki na njiwa asubuhi. Mwisho wa Juni matunda yanaiva huko juu, na Watohono O'odham huyaangusha kwa mti mrefu uliotengenezwa kwa mbavu za saguaro aliyekufa, maana ndani yake kuna mbao nyembamba ndefu zinazobaki nyama ikishaoza. Mwenzangu alitualika mwaka uliofuata. Tunda linapasuka lenyewe, ndani ni jekundu kama komamanga, limejaa mbegu nyeusi ndogo kuliko ufuta. Alilikwangua la kwanza kwa kucha, akatulisha, halafu akaliweka ganda chini, upande mwekundu ukitazama mbinguni. Ni kuita mvua, akasema. Mama mkwe wangu hajui Kiingereza, lakini alilielewa hilo kabla sijamtafsiria. Akachukua ganda la tunda lake akaliweka vilevile. Ila ndani ya hifadhi ya taifa ya Saguaro, ile iliyo mashariki na magharibi ya mji, msichume kitu. Hapo ni pa kutazama.

Kuhusu matunda kuna habari nyingine inayotuhusu zaidi. Tucson imejaa miti ya matunda ambayo wenyewe hawaichumi: machungwa, mabalungi, malimau, makomamanga, tini, tende. Mabalungi yanaoza chini ya miti mitaani mwezi wa pili, yananiuma roho kuyaona. Tangu 2003 kuna mtandao unaoitwa Iskashitaa, jina la Kisomali lenye maana ya kushirikiana, unaowakusanya wakimbizi na wenyeji kwenda kuchuma kwenye viwanja vya watu kwa ruhusa yao. Jina hilo limetoka kwa ndugu zetu Wabantu wa Somalia, ambao baadhi yao wanazungumza Kizigua, kilekile cha Handeni, walichokihifadhi toka babu zao walipochukuliwa utumwani. Nilikutana na bibi mmoja wa namna hiyo juu ya ngazi, kwenye mti wa machungwa ya kutengenezea jemu, tukapeana maneno, yeye Kizigua mimi Kiswahili, tukaelewana nusu kwa nusu na ndoo ikajaa. Wazee wenu wanajua kuchuma. Wapelekeni.

Kuna mti mwingine mtauona kila kona, wenye majani madogo na maganda marefu ya rangi ya krimu. Unaitwa mesikiti. Waliopita Kenya watamkumbuka ndugu yake, ule unaoitwa mathenge kule Baringo na Turkana, uliowaletea wafugaji taabu kubwa. Huku ni mti wa kwao, una nafasi yake. Maganda yake yakikauka kabisa hadi kuvunjika kwa mlio, husagwa unga mtamu. Nimeuchanganya kwenye uji wa watoto, wakamaliza. Na Watohono O'odham wana maharage yao madogo, tepari, meupe na ya kahawia, yanayoota kwa mvua moja mbili tu. Yanauzwa kwenye shamba la ushirika la San Xavier. Yaloweke usiku kucha, maana ni magumu kweli. Mimi huyapika kwa mawese na kitunguu, na siku hiyo hakuna anayeniulizia nyama. Watu wamelima kwenye bonde hili zaidi ya miaka 4,000, na mwaka 2015 UNESCO iliutaja Tucson kuwa mji wa mapishi, wa kwanza Marekani kupewa heshima hiyo. Najua mlipoona mchanga kwenye ndege mlidhani mmeletwa mahali pasipo na chakula. Nami nilidhani hivyo.

San Xavier nendeni pia kwa ajili ya kanisa. Liko kusini, kwenye ardhi ya Watohono O'odham, jeupe kabisa, unaliona mbali kama tanga. Padri Eusebio Kino alifika kijiji hicho 1692, na jengo lililopo lilijengwa kati ya 1783 na 1797. Mnara mmoja haukumalizika mpaka leo. Watoto watafuteni paka na panya waliochongwa upande huu na ule wa mlango, wanatazamana. Watu husema siku paka atakapomkamata panya dunia itakwisha. Ndani kuna sanamu ya mtakatifu Fransisko Ksaveri amelala, waumini hupanga foleni kumwinua kichwa kwa mkono na kumwomba. Nje, chini ya vibanda vya matawi, wamama wanakaanga mikate bapa kama chapati iliyoumuka. Jumapili baada ya misa, mama mkwe wangu sasa ana rafiki pale. Wanakaa benchi moja, kila mmoja na lugha yake.

Mkiwa na gari, au mkijaliwa mtu wa kuwapeleka, pandeni mlima Lemmon. Barabara ya kilomita 43 hivi inaanza kwenye madungusi na kuishia kwenye misonobari, kileleni mita 2,791, na joto linashuka nyuzi kama kumi na tano kati ya chini na juu. Tulimchukua mzee mmoja aliyetoka Minembwe, kwenye nyanda za juu za Itombwe. Chini alikuwa kimya. Tulipofika kwenye ukungu na miti mirefu alivua viatu, akasimama kwenye majani makavu, akasema, "Hapa ng'ombe wangekaa." Tulikaa hadi jioni, hakutaka kushuka.

Sasa maji. Maana swali langu la siku ile darajani, mto uko wapi, lilipata jibu.

Maji ya bomba mnayokunywa yanatoka mto Colorado, kwa mfereji wa kilomita kama 540 unaovuka jangwa kwa pampu. Ulikamilika 1993. Zamani mji ulikunywa maji ya chini ya ardhi, ukayavuta mpaka mto Santa Cruz, ambao sehemu zake zilikuwa zikitiririka mwaka mzima, ukakauka. Kwa hiyo mkiona watu hapa wanaoga haraka na kumwagia miti maji ya kuoshea vyombo, si uchoyo. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 300. Kigoma hupata zaidi ya mara tatu ya hiyo.

Lakini tangu Juni 2019 manispaa inaachilia maji yaliyosafishwa kwenye Santa Cruz, karibu na katikati ya mji, chini ya ule mlima mweusi ulioupa mji jina. Nenda ukaone. Ni kijito tu, mtoto anakiruka. Lakini kuna matete, kuna kerengende wekundu, kuna ndege wa majini waliojua habari hiyo sijui kwa nani. Mimi niliweka mkono ndani mara ya kwanza nikakaa hapo mpaka mume wangu akapiga simu kuniuliza niko wapi. Msiyanywe, na msiwaache watoto waogelee. Kaeni kando yake, mletee bibi kiti.

Na mtembelee mtaa wa Dunbar/Spring. Jina hilo linatokana na shule ya Dunbar, iliyojengwa kwa ajili ya watoto weusi wakati sheria ilipowatenga na wazungu, hadi ubaguzi huo wa shule ulipokomeshwa 1951. Jengo bado lipo, leo ni kituo cha utamaduni wa Wamarekani weusi. Mtaani humo wakazi walianza kukata ukingo wa barabara ili maji ya mvua yanayopita kwenye lami yaingie kwenye mashimo waliyopanda miti. Mwanzoni hawakuwa na kibali. Baadaye manispaa ikakubali na hata kusaidia watu kuvuna maji ya mvua. Leo ukitembea pale mchana uko kwenye kivuli, na mtaa wa pili yake hauna. Sisi tunaojua kukinga maji ya bati, hilo ni somo letu, tunaweza kuwafundisha wengine.

Mvua zenyewe zinakuja mwezi wa saba. Hapa wanaziita monsuni, na neno hilo limetoka kwenye Kiarabu mausim, asili ileile ya neno letu msimu. Wiki za kabla yake ndizo ngumu kuliko zote, vumilieni. Mchana mmoja mtaona mawingu yanajijenga juu ya milima ya Santa Catalina kama povu la sabuni, upepo utakuja na vumbi, na kabla tone halijaanguka mtasikia harufu. Ni kichaka kimoja cha majani madogo yenye nta, kriosoti, kinachotoa harufu hiyo hewa ikipata unyevu. Siwezi kuifananisha na kitu cha kwetu. Mama mkwe akiisikia huacha anachofanya na kwenda mlangoni.

Siku moja ya msimu huo nilikuwa kando ya Rillito, kwenye njia ya watembea kwa miguu iitwayo The Loop, inayozunguka mji kando ya mito mikavu kwa zaidi ya kilomita 200. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, si pale. Kulikuwa na watu wamejipanga darajani wamenyoosha simu upande wa mashariki. Nikasimama nao. Kwanza sauti, kama lori linalomwaga kokoto mbali. Kisha ulimi wa rangi ya chai ya maziwa ukatokea kwenye kona, mbele yake umesukuma vijiti, povu, makopo, mpira wa mtoto. Haukuwa na haraka. Ulijaza shimo, ukasimama kidogo, ukaingia shimo linalofuata. Mchanga ulikuwa unalia, unatoa vipovu. Baada ya dakika kumi mto ulikuwa umejaa ukingo hadi ukingo na mawimbi yake yakigonga nguzo. Watu wazima wakapiga makofi. Nilipiga vigelegele, peke yangu kati ya wazungu, na mzee mmoja akavua kofia.

Ndugu zangu, hapo nawaomba kwa moyo wote: mfurahie kutoka juu ya daraja. Msishuke. Ukiona barabara imewekwa kizuizi kwa ajili ya maji, geuza gari. Maji ya chini ya goti yanatosha kulielesha gari dogo, na sheria ya Arizona ya 1995 inamtaka dereva aliyepita kizuizi alipie gharama za kuokolewa. Gharama ni jambo dogo. Watoto wenu wasicheze kwenye korongo la mchanga hata kama juu ya kichwa chao mbingu ni samawati, maana mvua ya milimani haitoi taarifa. Na viatu vilivyolala nje mvikung'ute kabla ya kuvaa, kuna nge. Ukisikia mlio kama njuga kavu majanini, ni nyoka, simama, rudi nyuma polepole, mwache apite.

Usiku nao msiuogope. Mji huu umepunguza taa zake kwa sheria tangu 1972, kwa sababu ya darubini za kutazama nyota zilizo mlima wa Kitt na kwingineko. Ukiendesha dakika ishirini tu kutoka hapa utaziona nyota kama tulivyoziona kambini, ambako hakukuwa na umeme.

Sasa mwaliko. Jumamosi ijayo tunakutana kwenye daraja la Campbell, palepale juu ya Rillito, saa kumi na mbili na nusu jioni. Chini ya daraja hilo, kwenye nyufa za zege, kiangazi wanaishi popo kwa maelfu. Jua likizama mtaanza kuwasikia kabla ya kuwaona, mlio mwembamba kama cherehani. Halafu wanatoka, wachache, kisha wengi, kama moshi, na hawamgusi mtu. Watu huja na viti, na watoto mabegani.

Mabasi ya mji hayatozi nauli tangu 2020, na kituo kiko karibu na daraja. Wasio na mtu wa kuwaelekeza waje wajiandikishe kwangu, meza ya pale nyuma. Kila mtu achukue lita moja ya maji, hata kama ni jioni. Mwenye kiti cha kukunja akilete. Mama mkwe wangu ameshasema ataleta mandazi, na amesema kila familia yenye mzee imlete mzee wake, asiachwe nyumbani kulinda watoto. Watoto tutawalinda sote.